Nembo ya Cherehani

Mwaka huu sikuandika shairi. Nimeonelea niwasimulie jinsi nilivyoharibu karatasi ishirini za mama na wino wa binamu yangu.

Mama hushona sare. Mwalimu mkuu wa shule moja ya chekechea alimtaka alete kijitabu cha kazi na bei zake kufikia Jumatatu, na mafundi wengine wawili walikuwa wamekwisha kupeleka vyao. Pesa za kupeleka kazi kwa wachapishaji hatukuwa nazo. Nikajitapa, "Mama, niachie mimi." Binamu ana kipakatalishi na printa.

Nembo ya mama, cherehani ndani ya duara, ilikuwa kwenye simu, imetumwa kwa WhatsApp. Nikaibandika juu ya ukanda wa kijani. Kwenye kioo ilipendeza, nikachapisha zote mara moja. Kumbe! Zilitoka cherehani ikiwa na ukungu, tena imezungukwa na kisanduku cheupe. Mama akauliza, "Sasa fundi mwenye kiraka atapewa kazi na nani?"

Tuanze na ukungu. Picha ni nukta nyingi ndogo ziitwazo pikseli, na chapa safi hutaka kama nukta 300 kwa kila inchi. Nembo yangu ilikuwa na pikseli 180 kwa upana, nami nikaivuta ikafika inchi 2. Hizo ni nukta 90 tu kwa inchi, ilhali nilihitaji 600 kwa jumla. Kuivuta picha hakuongezi nukta, ni kama kuongeza maji kwenye chai. Tena WhatsApp huipunguza picha ikitumwa kama picha, heri itumwe kama faili.

Kisanduku je? Faili ya JPEG haiwezi kuacha sehemu ikiwa wazi, PNG inaweza. Na hili lilinishangaza: printa ya nyumbani haina wino mweupe. Kisanduku kile kikiwa juu ya karatasi tupu hakionekani, hata karatasi iwe ya manjano. Ila kwenye ukanda wa kijani printa iliruka pale, karatasi ikachungulia.

Basi nikaichora upya kwa Inkscape, programu isiyolipiwa, nikaihifadhi kama SVG. Faili hiyo hukumbuka mistari, si nukta, hata ukiikuza ienee ukutani haipati ukungu. Kisha nikatoa nakala ya PNG ya pikseli 1200. Ukitaka kuipunguza, vuta pembe, usivute ubavu, la sivyo duara litakuwa yai.

Safari hii nilijaribu karatasi moja kwanza. Wee! Nembo ilikuwa mgongoni. A4 iliyolazwa ina milimita 297, na ikikunjwa sehemu tatu kila moja ni 99. Jalada ni sehemu ya kulia ya upande wa nje, si ya katikati. Pia chagua ukubwa wa 100%, maana printa ikijipimia yenyewe huupunguza ukurasa na mikunjo haikutani.

Jumapili usiku wino wa rangi ukaisha. Tukauondoa ule ukanda, nembo ikakaa juu ya karatasi tupu, na kusema kweli ilipendeza zaidi. Mama alipeleka vijitabu vinane. Alipewa sketi na kaptula. Sweta zilikwenda kwa fundi mwingine. Binamu bado ananidai wino.