Somo la Afya: Kumshauri Mzee Mwenye Shinikizo la Juu la Damu

Shinikizo la damu huhesabiwa kuwa la juu vipimo vinapofikia 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti. Aghalabu halina dalili. Ndiyo maana wazee wengi huacha vidonge pindi wajisikiapo vizuri, na kiharusi kikawakuta wakiwa shambani.

Ushauri kuhusu mwenendo wa maisha huisaidia dawa, hauiondoi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwafuatilia watu 975 wa umri wa miaka 60 hadi 80 waliokuwa wakitumia dawa hizo. Walioshauriwa kupunguza chumvi, na wanene walioshauriwa kupunguza uzito, walifanikiwa zaidi kukaa bila dawa. Lakini walioziondoa dawa hizo, hatua kwa hatua, ni waganga, mgonjwa asijiamulie.

Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Hesabu hiyo hujumuisha ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, viungo vya mchuzi vya pakiti, hata magadi ya kulainishia maharage, kwani nayo yana sodiamu. Hapa ndipo ushauri mwingi hupotelea: mzee huambiwa apunguze chumvi, ilhali anayepika ni mkwe au mjukuu. Basi mpishi naye aitwe kwenye mazungumzo. Nyumba nzima ipunguze chumvi kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, ulimi utazoea. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitaleta ladha. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yake yamwagwe. Kumpikia mzee chungu chake peke yake humfanya ajione ametengwa, na hakudumu.

Namna ya kusema ina uzito wake. "Shikamoo bibi, jana mlikula nini?" hufungua mlango ambao amri huufunga. Achague mwenyewe badiliko moja la kuanzia.

Kutembea nusu saa, siku tano kwa juma, kunatosha kwa anayeweza. Mwenye magoti mabovu afanye kwa kadiri yake. Sigara na ugoro viachwe, pombe ipunguzwe au iachwe. Tena aulizwe kuhusu dawa za maumivu anazonunua dukani: diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha shinikizo.

Kabla ya kupimwa zahanati, apumzike dakika 5 ameketi, mkono ukiwa usawa wa moyo, naye awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Aje na vidonge vyake vyote. Akihisi kizunguzungu anaposimama, amwambie mhudumu, kwani huenda kipimo cha dawa kinahitaji kurekebishwa.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.