Kufundisha Uadilifu: Mwongozo kwa Walimu wa Sekondari, Mabanga

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa madarasa ya mwisho ya sekondari katika mitaa ya Mabanga Kaskazini na Kusini, mjini Goma. Unatosha vipindi vitatu. Lengo ni mwanafunzi ajue kupima jambo na kutetea uamuzi wake kwa sababu.

1. Anza na kisa cha hapa kwetu

Simulia habari za Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma. Alisoma sheria, kisha akaajiriwa na ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, OCC, hapa mjini. Baada ya kazi aliwahudumia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Mwaka 2007 alishawishiwa kwa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika upite mpakani. Alikataa. Julai mwaka huo alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma.

Katika darasa lenye Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, mtaje kama mtumishi wa serikali aliyefanya kazi yake. Hilo linamhusu kila mmoja.

2. Uliza kabla ya kufundisha

Andika ubaoni: «Je, alifanya vema?» Kila mwanafunzi aandike jibu na sababu moja, peke yake, kwa dakika tano. Usisahihishe. Wengi watasema ndiyo, lakini atakuwepo atakayesema: «Angepokea, angekuwa hai, angesaidia maibobo miaka mingi.» Usimnyamazishe, huyo ndiye amefungua somo.

3. Toa mizani nne

Sasa majibu yao yape majina.

- Matokeo. Bentham na Mill, Waingereza, walipima tendo kwa heri na madhara yanayowafikia wote. Aliyetetea kupokea fedha amehesabu uhai mmoja. Ahesabu pia matumbo ya watu ambao wangekula mchele ule.
- Wajibu. Kant, Mjerumani, aliuliza: je, ungetaka kila mtu afuate kanuni yako? Kila mkaguzi akipokea, ukaguzi wenyewe umekufa.
- Tabia. Aristotle aliona kwamba wema hujengwa kwa mazoea. Mtu haanzi uadilifu siku ya jaribu kubwa.
- Utu. Mtu ni watu. Mlaji wa mchele ni mama wa sokoni ambaye mkaguzi hatamwona kamwe, na bado ni jirani yake.

Eleza pia kwamba adili, maadili na uadilifu ni maneno ya ukoo mmoja, na asili yake ya Kiarabu inahusu haki na usawa. Maadili ni mizani. Uadilifu ni kutoibonyeza hata pasipo anayekutazama.

4. Shuka hadi mambo madogo

Gawa darasa katika vikundi. Kila kikundi kipime kisa kimoja kwa mizani mbili: kopo la kupimia maharagwe lililobonyezwa chini, matabishi (hongo ndogo) ya kupata karatasi ofisini, pointi zilizonunuliwa. Wakijibu kwa «Ibara ya 15», yaani jitafutie mwenyewe, waulize: nani analipa gharama ya kujitafutia huko?

5. Zingatia mipaka

- Usimwulize mwanafunzi mzazi wake anapataje fedha. Nyumba nyingi zinaishi kwa riziki ngumu, na aibu haifundishi.
- Usifundishe kwamba uadilifu ni kufa. Onyesha njia za kujikinga: kukataa mbele ya shahidi, kuweka maandishi, kumwarifu mtu unayemwamini, kutokuwa peke yako.
- Unapotoa pointi, pima sababu. Jibu usilokubaliana nalo, likitetewa vizuri, linastahili pointi zake.

6. Jipime mwenyewe

Wanafunzi wanajua mwalimu gani huongeza pointi kwa bahasha. Kabla ya kipindi cha kwanza, waeleze utakavyosahihisha. Baada ya kila zoezi, rudisha karatasi zote na umruhusu yeyote aulize pointi yake ilitoka wapi. Ukikosea kuhesabu, sahihisha mbele ya darasa.

Mwisho wa kipindi cha tatu, rudisha zile karatasi za dakika tano. Kila mmoja aandike chini yake: je, jibu langu limebadilika, na kwa nini? Mistari hiyo michache ndiyo mtihani wa somo hili.