Dripu na mionzi ya koo: kula kwa saa, si kwa hamu

Anayetibiwa saratani ya koo, ulimi au nyuma ya pua mara nyingi hupewa tiba mbili kwa pamoja: mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida vipindi kama 35 katika wiki 7, na dripu ya sisplatini kila wiki au kila baada ya wiki 3. Mimi nilipata ya kila wiki, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Namwandikia aliyekabidhiwa kadi ya miadi na hajui aanzie wapi. Neno langu kubwa: wahi. Usingoje maumivu yaanze ndipo uhangaike.

Tuanze na kutapika. Sisplatini ni kati ya dawa zinazotapisha sana, ndiyo maana unapewa ondansetroni na deksamethasoni kabla dripu haijaanza. Zile za kwenda nazo nyumbani, zimeze kwa saa ulizoandikiwa hata kama tumbo limetulia, kwani ukishaanza kutapika, kidonge nacho kinatoka. Wimbi jingine hupiga siku ya pili au ya tatu, wakati ndugu wameshaanza kukupongeza. Dawa zikishindwa, sema, zipo nyingine. Mimi niliongezewa olanzapini ya usiku, nikalala kama mtu. Harufu nayo ilinitesa: kitunguu kikikaangwa tu, tumbo linageuka. Dada yangu akahamishia jiko uani, na chakula nikala kikiwa vuguvugu, maana cha moto hunukia zaidi.

Sisplatini huumiza pia figo, ndiyo sababu unapewa maji mengi kwa dripu. Ukirudi nyumbani endelea kunywa, na uangalie mkojo. Ukipungua au ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, piga simu. Usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa, zinagandamiza figo zilezile. Na majani ya mstafeli, ambayo watu husema ni dawa ya saratani? Kila mgeni alikuja na fungu lake. Niliyapokea kwa shukrani, nikayaweka kabatini.

Vidonda vya mdomo huanza wiki ya pili au ya tatu. Anza kusukutua kabla havijaja: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha bekingi soda (si bekingi pauda, tafadhali). Sukutua, tema, kila baada ya saa mbili hivi. Mswaki uwe laini. Ukiona utando mweupe, huenda ni fangasi; una dawa yake. Maumivu yakizidi, usiogope morfini ya maji. Watu hunong'ona kwamba ni ya wanaokufa. Kwangu ilikuwa ya kulia chakula. Nilikunywa kiasi cha daktari, nusu saa kabla ya kikombe changu cha chakula, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga tumbo.

Kikombe chenyewe sasa. Ulimi ulikuwa haujui chumvi wala sukari, mate yamekuwa mazito kama ute wa bamia, na hamu haikuwepo kabisa. Kwa hiyo tukala kwa saa. Simu inalia, dada anaingia: "Kaka, saa nne hiyo." Uji wa lishe uliopikwa kwa maziwa, ukakorogewa siagi ya karanga, au mtori uliosagwa kwenye blenda na parachichi. Namwagia kijiko kidogo ulimini, nainamisha kidevu nilivyofundishwa, nameza, napumzika. Kikombe kimoja kiliweza kula nusu saa nzima, na dada hakuondoka mpaka kiishe. Uzito si urembo hapa: ukikonda sana, ile barakoa ya plastiki inayokubana mezani wakati wa mionzi inalegea, na mpango wa mionzi huenda ukapimwa upya. Wakikushauri mpira wa kulishia, kubali, ila endelea kumeza hata maji kidogo kila siku. Misuli ya koo ikikaa bure, husahau kazi.

Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na useme mlangoni kwamba uko kwenye dripu za saratani. Chembe nyeupe za damu zikishuka, homa si ya kutuliza kwa panadoli na kungoja asubuhi. Masikio yakianza kulia au vidole vikifa ganzi, mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata. Anaweza kubadili dozi au dawa.

Mionzi ikiisha, vidonda huzidi kidogo kwanza, kisha hupungua. Ladha hurudi kwa miezi, si kwa siku. Mate huenda yasirudi yote, na meno bila mate huoza upesi. Mwone daktari wa meno kabla ya mionzi, tumia dawa ya meno yenye floraidi, na hata miaka ikipita, usikubali jino ling'olewe kabla hujasema kwamba taya lako lilipigwa mionzi.