Namna ya kumsoma Roz ukiwa Kilimatinde

Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyeingia kidato cha kwanza na Kiingereza kimemlemea, mtafutie The Wild Robot cha Mmarekani Peter Brown. Kilitoka 2016. Baada yake kuna The Wild Robot Escapes cha 2018 na The Wild Robot Protects cha 2023, na visomwe kwa mpangilio huohuo. Sura ni fupi, nyingi ni kurasa mbili tatu, na picha amezichora mwandishi mwenyewe. Mwagize ndugu aliyeko Dodoma au Dar es Salaam, kisha kivalisheni kaki kama daftari la shule, maana kitapita mikono mingi.

Baada ya chakula cha jioni mtoto asome sura mbili kwa sauti, halafu aisimulie nyumba nzima kilichotokea. Asimulie kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kama bibi yupo. Neno gumu alipigie mstari kwa penseli na kusonga mbele. Kamusi ni ya kesho yake. Ukimkatiza kila sentensi, hadithi inakufa mikononi mwake.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni pale Roz, roboti aliyetupwa kisiwani baada ya meli kuzama, anapoporomoka na mawe na kuua familia ya bata bukini. Linabaki yai moja, na ndani yake kuna mlio mdogo. Roz analichukua. Mwandishi ameshatuambia kwamba roboti hawana hisia kama za wanyama, lakini Roz anajenga kiota, kisha anazunguka kwa majirani kuuliza kifaranga hulishwaje. Hapo mtoto agawe ukurasa wa daftari sehemu mbili: upande mmoja alichofanya Roz, upande wa pili anachodhani Roz alihisi. Akiandika “anampenda”, mwambie akuonyeshe ukurasa. Mimi naamini hisia za Roz zinakuja nyuma ya vitendo vyake, lakini mtoto akikataa na ana ushahidi, mwache ashinde.

Waulizeni na wazee. Wafugaji wanajua jinsi ndama yatima anavyovishwa ngozi ya ndama aliyekufa ili ng'ombe aliyefiwa akubali kumnyonyesha. Je, yule ng'ombe amekuwa mama? Swali hilo litawafaa zaidi mkifika kitabu cha pili, ambako Roz anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa.

Filamu ya 2024 iwe mwisho. Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o, Mkenya, na ameifanya vizuri mno. Tatizo ni kwamba ukimsikia kwanza, sauti yake inakujibia maswali ambayo kitabu kinakuachia.

Wakubwa wana I, Robot cha Isaac Asimov, cha 1950. Ila kwa mwanafunzi wa uuguzi pale hospitali ya misheni ningechagua Klara and the Sun cha Kazuo Ishiguro, cha 2021. Hicho kinajitegemea, na mhusika wake ni roboti anayeishi na binti mgonjwa. Asome akiwa na penseli, aweke alama kila mahali Klara anapomtazama yule binti kwanza kabla ya kusema neno.