SOMO LA AFYA: Manjano, Tangawizi na Mgonjwa wa Mionzi

Tuseme mama mmoja wa kikundi chenu ana saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali inamtibu kwa mionzi, siku 5 kwa wiki. Baada ya wiki chache tumbo linaanza kumwendesha. Jirani mwema anamletea chupa ya manjano yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. "Kunywa hii, itakinga utumbo." Je, anywe?

Kwa nini tumbo huharibika?
Mionzi inalenga uvimbe, lakini utumbo uko karibu. Utando wa ndani wa utumbo una seli zinazojifanya upya kila siku 3 hadi 5. Mionzi huumiza sana seli zinazogawanyika haraka hivyo. Za zamani zinatoka, mpya hazitoshi. Ni kama paa la nyasi lisiloezekwa tena. Maji hayanyonywi vizuri, na mtu anahara.

Mimea inaweza kusaidia?
Manjano yana kukumini, tangawizi ina jinjeroli, vitunguu vina kwasetini. Mionzi ikipita mwilini hutengeneza chembe kali zinazoharibu seli, na vitu hivi vinaweza kuzituliza. Wataalamu walipowapa panya kukumini kabla ya mionzi, utumbo wao uliumia kidogo kuliko wa panya wengine. Kwa hivyo jirani hakusema uongo. Lakini panya si mtu. Kwa watu, bado haijathibitishwa kuwa ni dawa ya kutegemea.

Tena kuna hatari. Kitu kinachokinga seli nzuri chaweza kuikinga saratani pia. Mwaka wa 2005 watafiti wa Kanada walieleza habari za wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliotibiwa kwa mionzi. Waliopewa vidonge vya vitamini E na beta-karotini walipata madhara makali machache. Lakini kulikuwa na dalili kwamba saratani iliwarudia zaidi. Hivyo vilikuwa vidonge, si manjano, lakini funzo ni moja: tuwe waangalifu.

Manjano kidogo kwenye mchuzi ni chakula. Lakini vidonge, unga wa vijiko vingi au dawa nzito ya kuchemsha, asitumie kabla ya kumwambia daktari wa mionzi. Msimfiche daktari.

Kikundi kifanye nini?
1. Mtengenezeeni kinywaji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko visiwe na kilima. Anywe kidogo kidogo siku nzima.
2. Mpikieni uji laini, wali au ndizi mbivu. Punguzeni mafuta na pilipili.
3. Changeni nauli. Akikosa siku za mionzi, matibabu yanapungua nguvu. Tumbo likizidi, aongee na daktari, asiache tu.
4. Akiona damu chooni, homa, kizunguzungu au mkojo kidogo sana, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili
- Je, kuna dawa za kienyeji tunazowapa wagonjwa bila daktari kujua?
- Tutamjibuje yule jirani bila kumvunja moyo?
- Pesa za nauli zitatoka wapi, na nani atazisimamia?