Kurudisha Kompyuta Kiwandani Bila CD: Soma Kabla Hujabonyeza F11

Anayesoma chuo na kwao ni Karatu, Rhotia, Oldeani au kule juu Endulen anaijua kazi inayomsubiri likizo. Hata chai hujamaliza, mzee anaonyesha kona ya sebule: "Ile kompyuta imekuwa nzito. Si unasoma chuo wewe, hebu iangalie." Haijalishi kama unasoma kilimo au ualimu. Kwa mzee, chuo ni chuo.

Kompyuta yenyewe ina miaka 10 au zaidi. Boksi lake halijulikani lilipo, CD haikuwahi kuja nayo, na ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta bado inazungusha duara. Mafundi wa mjini wana dawa moja kwa ugonjwa huu: kupiga Windows upya. Ipo njia nyingine, ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani kwa kutumia kilichomo ndani yake yenyewe. Wengi wakisikia hivyo wanauliza kitufe ni kipi. Swali la kwanza ni jingine: hicho kilichomo ndani bado kipo?

Kampuni nyingi za kompyuta ziliacha zamani kuweka CD kwenye boksi. Badala yake zilikata kipande cha hadidiski, zikaweka humo nakala nzima ya Windows pamoja na draiva zake, kisha zikakificha. Ni kama mahindi ya mbegu yanayotundikwa darini: yapo nyumbani siku zote, ila hakuna anayeyagusa. Shida ni kwamba kompyuta nyingi za huku kwetu mbegu yake imeshaliwa. Fundi aliyepiga Windows miaka mitatu iliyopita huenda alifuta vipande vyote ili apate nafasi. Na kama ni mtumba uliotoka kwenye ofisi za Ulaya, mara nyingi diski ilifutwa yote kabla ya kuuzwa, au ikabadilishwa kabisa.

Kuangalia ni dakika moja. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, halafu Enter. Chini utaona diski imechorwa kama mstari uliokatwa vipande. Tafuta kilichoandikwa "Recovery" au kilicho na jina la kampuni, kisha soma ukubwa wake, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Kipande cha MB 300, 500 au hata 900 ni vifaa vya ukarabati tu, hakina Windows nzima ndani. Nakala ya kiwandani huwa ni GB kadhaa, mara nyingi 10 kwenda juu. Ukikiona hicho, una bahati. Usikifute kwa tamaa ya nafasi.

Kompyuta yenye Windows 10 ina nafuu: inaweza kujijenga upya kutokana na mafaili yake yenyewe, hata kama kipande kikubwa hakipo. Nenda kwenye Settings, kisha Update & Security, kisha Recovery, utaona "Reset this PC". Itakuuliza uhifadhi mafaili au ufute kila kitu. Kwenye matoleo ya kuanzia 2020 itakuuliza pia kama ishushe Windows mpya kutoka intaneti au itumie iliyomo. Chagua iliyomo, yaani "Local reinstall". Ile ya intaneti inaweza kula GB 4 na zaidi, na bando la nyumbani unalijua mwenyewe.

Sasa yale yanayofanywa kabla ya kubonyeza chochote. Hapa sitaenda haraka, kwa sababu Windows hupatikana tena, lakini picha za msiba wa bibi hazipatikani.

Kurudisha kiwandani ni kufuta. Kipande cha C kinaandikwa upya chote, na kwa baadhi ya kompyuta hata D huenda nacho. Usiulize tu "kuna kitu cha muhimu humu?" Mzee atasema hamna, halafu wiki ijayo anatafuta hesabu za vitunguu vya Mang'ola za msimu uliopita. Fungua C, kisha Users, uone kuna majina mangapi. Nyumba nyingi zina akaunti zaidi ya moja: ya mzee, ya dada aliyeolewa, na moja iliyoandikwa "User" isiyo na mwenyewe. Ingia kila moja, nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Kama kuna programu ya mahesabu ya duka, iambie itoe nakala yake kwa njia yake yenyewe, maana data zake mara nyingi hazikai kwenye Documents. Ukishanakili, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili mawili matatu. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Ikiwa kompyuta haiwaki hadi mwisho, mafaili bado yanaweza kutolewa. Linux Mint iliyowekwa kwenye flashi inawaka kutoka kwenye flashi hiyohiyo bila kugusa diski, na unaona mafaili ya Windows kama kawaida, ilimradi diski haijafungwa kwa BitLocker. Faili lake ni karibu GB 3. Lishushe chuoni kabla hujapanda basi, kwa Wi-Fi ya maktaba, ulichome kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kwa kweli nusu ya kazi hii inafanyikia chuoni. Ukifika Karatu mikono mitupu, utaishia kununua bando juu ya bando.

Halafu vumbi. Udongo mwekundu wa Karatu haubishi hodi. Feni ikishajaa, kompyuta inapata joto na kujizima, na kurudisha kiwandani ni saa mbili tatu za kuchakata mfululizo. Ikijizima katikati, unaweza kubaki na kompyuta isiyo na Windows ya zamani wala mpya. Ichomoe kwenye umeme, ifungue, pulizia taratibu huku umeshika feni isizunguke, piga brashi laini. Sikiliza na diski: ikigonga "tik, tik" au kukwaruza, acha. Hiyo inakufa. Okoa mafaili ununue diski nyingine. Ila kumbuka kwamba ukitoa diski, ile mbegu inaondoka nayo. Kama Windows bado inawaka, andika "recovery drive" kwenye sehemu ya kutafutia na uitengeneze kwanza kwenye flashi ya GB 16 au 32.

Umeme nao. Laptopu yenye betri nzima ina pumzi umeme ukikatika, ingawa Windows 10 haitakubali hata kuanza mpaka iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani haina pumzi hata ya sekunde moja, azima UPS. Kwa walio Endulen au Nainokanoka wanaotegemea sola, piga hesabu kwanza. Laptopu inayokula wati 65 kwa saa tatu ni karibu wati-saa 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 70 ina wati-saa 840 ikiwa mpya, na si vizuri kuimaliza zaidi ya nusu. Inatosha, ukianza saa nne asubuhi jua likiwa limetoka na televisheni imezimwa. Ya mezani na kioo chake inaweza kufika wati 150. Saa tatu ni 450, yaani nusu yote ya betri imekwisha na chenji yake. Ibebe uishushe mjini Karatu.

Vitufe vyenyewe ni sehemu fupi kuliko zote. Zima kabisa, washa, na anza kubonyeza mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea. HP ni F11. Asus ni F9. Acer ni Alt na F10 kwa pamoja, ila kwenye BIOS lazima "D2D Recovery" iwe imewashwa. Toshiba unashikilia sifuri huku unawasha. Dell za Windows 7 ni F8, kisha unachagua "Repair Your Computer" na kutafuta nakala ya kiwandani humo. Lenovo nyingi za nyumbani zina kitufe kidogo pembeni, kama tundu la sindano, unachokibonyeza ikiwa imezimwa. Ukijaribu mara tatu na hakuna kitu, rudi kwenye ule mstari wa diski. Pengine hakuna cha kuitwa.

Tuseme imekubali. Hapo kuna jambo ambalo mafundi hawasemi: kiwandani ni tarehe. Kompyuta iliyotoka kiwandani 2011 inarudi 2011, na Windows 7 ya mwaka huo. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Chrome haikutoa toleo jipya kwa ajili yake tangu mwanzoni mwa 2023. Itakuwa nyepesi, mzee atafurahi, halafu mdogo wako atataka kujaza fomu ya mkopo na baadhi ya tovuti zitagoma kufunguka. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta ya kuandikia barua na kutunza hesabu, bila intaneti, kurudi 2011 si tatizo. Kwa kompyuta itakayoingia benki au kuomba mkopo, mimi nisingeirudisha huko. Ningeweka Linux Mint moja kwa moja kutoka kwenye ileile flashi. Inataka RAM ya GB 2, na 4 ndiyo inapumua vizuri. Wanaolalamika kwamba haina Word wajaribu LibreOffice wiki moja kwanza. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri babu yake, OpenOffice, kwa Kiswahili tangu 2004, wakaiita Jambo OpenOffice.

Kama lazima iwe Windows na ghala halipo, tengeneza flashi ya Windows ya GB 8 kwa programu ya Microsoft yenyewe, tena hukohuko chuoni. Leseni si lazima ununue tena ukiweka Windows ileile iliyokuja na kompyuta: kompyuta zilizokuja na Windows 8 kwenda mbele kwa kawaida zina namba ndani ya BIOS, na za Windows 7 zina stika chini ya mashine au chini ya betri. Ipige picha kabla haijafutika kabisa.

Ikigoma kuthibitisha leseni, au kila tovuti ikisema si salama, angalia saa kabla hujalaumu mtandao. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, kompyuta inaamini ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Ibadilishe, weka tarehe, jaribu tena. Flashi usirudi nayo chuo: ibandike karatasi yenye jina la kompyuta na kitufe chake, umkabidhi mama aiweke na vyeti.