Kupima Iwapo Unga wa Kujenga Misuli Unafanya Kazi

Mkebe wa unga wa kujenga misuli hugharimu fedha ambazo zingenunua mayai, maziwa na maharagwe, na kwa hiyo kaya ya Theta, eneo la Juja, inastahili ushahidi kabla ya kununua mkebe wa pili. Kioo na sifa za marafiki si ushahidi, kwa kuwa aliyelipa huelekea kuona alichotarajia. Hiyo ndiyo athari ya plasebo, yaani badiliko linalotokana na imani ya mtumiaji, si kitu alichomeza.

Upimaji huanza mkebe ukiwa bado haujafunguliwa. Kwa majuma manne mtumiaji hula na kufanya mazoezi kama kawaida, huku akijipima uzito kila asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, kwa mizani ileile, na kuandika wastani wa siku saba, kwani maji na chakula huweza kubadilisha uzito kwa kilo 1 au zaidi kwa siku moja. Mzingo wa mkono hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, na kabla ya mazoezi, kwa sababu damu inayojaa kwenye misuli huivimbisha kwa muda. Nguvu, ambayo ndiyo kipimo cha kutegemewa zaidi nyumbani, huhesabiwa kwa marudio ya zoezi moja kwa uzito uleule. Mikebe ya rangi iliyojazwa saruji ili itumiwe kama vyuma vya kunyanyua nayo sharti ipimwe, maana miwili inayofanana huweza kupishana uzito.

Unga unapoanza kutumiwa, kwa majuma manane, kisibadilishwe kingine chochote. Anayeanza wakati huohuo kupakia mawe machimboni Juja, au kula zaidi, hataweza kujua nguvu zimetoka wapi, na mwanagenzi wa mazoezi huongeza nguvu hata bila unga, kwa kuwa neva zake zinajifunza kuiamrisha misuli. Kreatini, aina mojawapo ya unga huo, ambayo kwa kawaida hutumiwa gramu 3 hadi 5 kwa siku, huvuta maji ndani ya misuli, hivyo kilo inayoongezeka juma la kwanza huwa zaidi ni maji. Unga wa protini nao ni chakula tu: mfanya mazoezi wa kilo 70 anayepata takriban gramu 112 za protini kwa siku kutoka kwa maharagwe ya githeri, omena, mayai na maziwa hatarajiwi kufaidi mengi kwa kuongeza unga.

Badiliko la ghafla mno halipaswi kufurahiwa. Uso kuvimba, chunusi kutapakaa mgongoni, au matiti ya mwanamume kukua, ni dalili kwamba huenda unga umechanganywa na dawa za steroidi, yaani homoni au dawa zinazofanana nazo. Mtumiaji auache mara moja na aende hospitalini akiwa na mkebe wenyewe, na anayetumia kreatini amwambie daktari kabla ya kupimwa figo, kwani kreatini huweza kupandisha kreatinini, inayotumiwa kupima figo, katika damu hata figo zikiwa nzima.